Tupeane uzoefu: mwanafunzi anayehamahama kwa kukosa makazi, mlimsaidiaje?

Chaki Nyeupe
Wakuu, habari zenu. Nafundisha darasa la nne. Nina mtoto ambaye tangu tufungue muhula ameshalala kwa mama yake mdogo, kisha kwa rafiki wa mama yake, na sasa wamebanana chumba kimoja na familia nyingine. Hakuna aliyeniambia, nilijua kwa begi. Wenzake wanayaacha mabegi nyuma ya darasa, yeye analikumbatia hata akienda msalani. Siku moja zipu ilikatika: nguo, mswaki, na cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ana miaka kumi.

Na mimi wiki hiyohiyo nilikuwa nimewapa insha ya "Nyumbani kwetu". Aliandika mstari mmoja, akafutafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nimeona aibu sana.

Naomba waliopitia haya waje, walimu, wazazi, hata ninyi mliokuwa watoto hao. Nadharia tuziweke kando: ulifanya nini, ikawaje?

Mama Watatu
Mwalimu, asante kwa kuliona hilo begi. Sisi tulitolewa kwenye nyumba baada ya kodi kunishinda, nikaficha shuleni miezi minne. Mwanangu akawa anachelewa kila siku kwa sababu tulihamia mbali, na kila siku anaadhibiwa. Hakusema neno, nilikuwa nimemkataza.

Nilipojikaza nikamweleza mwalimu wake wa darasa, hakunipa pole nyingi. Aliniuliza, "Nani mwingine ungependa ajue?" Swali hilo ndilo lililonifungua mdomo. Tukakubaliana mtoto asiadhibiwe kwa kuchelewa, na shule ishike namba ya dada yangu, kwa kuwa yangu ilikuwa haipatikani kila mara.

Daftari Nusu
Mimi nilikuwa mtoto huyo. Shule nne ndani ya miaka mitatu. Watu hudhani shida kubwa ni kulala vibaya, na kweli nilikuwa nasinzia darasani, lakini kilichoniumiza ni mpangilio wa masomo. Hesabu za sehemu nilifundishwa mara tatu. Desimali sikuwahi kufundishwa hata mara moja, maana kila nilikofika walikuwa wameshazipita. Nikaitwa mzito wa hesabu, nami nikaamini.

Shule ya nne, mwalimu wa hesabu aliniomba madaftari yangu yote ya nyuma, akakaa nayo, akaandika kila shule iliishia wapi. Mashimo yalikuwa matatu tu! Tuliyaziba saa za mapumziko, haikufika mwezi.

La marafiki silisemi sana. Kila nikimpata mmoja tunahama, mwishowe nikaacha kuwatafuta. Mwalimu, mpe wa kukaa naye dawati moja, na usimbadilishie.

Mhamaji
Niko Marekani. Huku kuna sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987. Mtoto asiye na mahali pa kulala palipo pa kudumu, pa uhakika na panapofaa anaandikishwa shule papo hapo hata kama nyaraka hazijakamilika. Ana haki ya kubaki kwenye shule aliyokuwa akisoma kabla ya kuhama, ikiwa hilo ni kwa faida yake, na mzazi akiomba, usafiri unapangwa. Kila wilaya ya shule lazima iwe na mtu wa kushughulikia watoto hawa.

Tulipopoteza nyumba tukajibanza kwa shemeji yangu, sikujua kama na sisi tunahusika. Nilidhani asiye na makazi ni yule wa barabarani. Kumbe familia iliyokosa nyumba ikajibanza kwa ndugu inahesabika. Mwanangu alibaki shule yake, na mwaka ule hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikubadilika kwake.

Kengele ya Pili
Nitapingana kidogo. Tuliwahi kumwonea mtoto huruma tukamsamehe kazi zote za nyumbani. Muhula ulipoisha alikuwa nyuma kuliko alivyokuja. Aliyefuata tulimpa kazi kama wenzake, ila akawa anaifanyia shuleni baada ya vipindi, kwenye meza yenye mwanga. Huyo alikwenda vizuri.

Halafu jamani, sare msiwagawie mstarini mbele ya shule nzima huku mkipiga picha. Nilishuhudia, na mtoto hakuja wiki nzima. Wekeni sare za akiba ofisini, atakayehitaji achukue bila kuandikwa popote.

Chaki Nyeupe
Daftari Nusu, leo nimemwomba madaftari. Amekuja na mawili, la tatu anasema lilibaki nyumba ya kwanza.

Nimempa pia droo moja ya meza yangu pamoja na ufunguo wake. Alifungua na kufunga kama mara tano hivi. Mchana nikakuta ameweka cheti cha kuzaliwa. Begi bado analo mapajani.