Matairi ya baridi kwa gari dogo: nibaki na inchi 16 au nishuke hadi 15?

Mtembea_Alfajiri

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla baridi haijakaza. Gari langu ni dogo, la milango mitano, linavutwa na magurudumu ya mbele, na tangu kiwandani limekuwa na matairi ya 195/55 R16 87H (upana milimita 195, ubavu asilimia 55 ya upana huo, ringi ya inchi 16) juu ya ringi za aloi za 6J, yaani upana wa inchi 6, zenye ET 45, yaani uso wa kufungia uko milimita 45 nje ya katikati ya upana wa ringi. Mwaka jana nilipitisha majira yote ya baridi nikitumia matairi hayo hayo ya kiangazi, nikijiambia kwamba kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, bado ni nzuri na kwamba mimi huendesha polepole. Asubuhi moja, kwenye mteremko mfupi unaoishia njia panda, nilikanyaga breki, pedali ikatetemeka chini ya mguu wangu kuonyesha kwamba ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi, lakini gari likaendelea kuteleza taratibu hadi likavuka mstari wa kusimamia. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hapakuwa na gari jingine, ila sitaki kurudia kosa hilo.

Kitabu cha gari kinaruhusu pia 185/65 R15 88T. Nimepata ringi nne za aloi zilizotumika, za inchi 15, upana 5.5J, ET 40, nati nne kwa mpangilio wa 4x100 kama gari langu, isipokuwa tundu la katikati ni milimita 60.1 ilhali habu yangu, kitovu ambacho ringi hukaa juu yake, ni 54.1. Je, nizichukue? Je, naweza kuanza na matairi mawili ya mbele tu, ambako ndiko nguvu ya injini inakokwenda? Na kuna rafiki anayenisisitiza ninunue ya misimu yote ili niachane na habari ya kubadilisha mara mbili kwa mwaka. Mnasemaje juu ya hilo?

Fundi_wa_Magurudumu

Ndugu Mtembea, nianze na swali la matairi mawili, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuumiza. Usinunue mawili. Ukifunga ya baridi mbele na kuacha ya kiangazi nyuma, gari litaondoka vizuri, litapanda vizuri, usukani utakutii, nawe utaongeza mwendo ukiamini kwamba mambo ni salama. Kisha kwenye kona, au pale unapoachia mafuta ghafla, nyuma itakosa mshiko na kutaka kuipita mbele, na gari dogo lenye ekseli zilizokaribiana hujizungusha kabla dereva hajawahi kurekebisha usukani. Nimevuta magari ya namna hiyo kutoka mitaroni, na karibu kila dereva husema neno moja: lilikuwa limeshika vizuri sana hadi lilipoachia.

Pili, uliandika kwamba kashata zilikuwa nzuri. Bila shaka zilikuwa nzuri, lakini mpira wenyewe ndio uliokuangusha. Halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selisiasi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa hata barabara ikiwa kavu, wakati mpira wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini. Bonyeza kashata za matairi ya aina zote mbili kwa ukucha asubuhi yenye baridi kali na utaihisi tofauti mwenyewe. Kisha angalia mikato myembamba, kama ya wembe, iliyojaa juu ya kila kashata ya tairi la baridi: mikato hiyo hufunguka kidogo tairi linapogusa chini na kuiuma theluji kwa kingo zake. Wengi hudhani theluji iliyonasa kwenye mifereji ni hasara, kumbe theluji hushikana na theluji, na hiyo ni sehemu ya mshiko wenyewe.

Unaponunua, tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hupewa tairi lililofaulu jaribio la mshiko kwenye theluji. Herufi M+S peke yake ni maelezo ya mtengenezaji kuhusu umbo la kashata, wala hazithibitishi kwamba tairi limewahi kujaribiwa.

Hesabu_za_Ringi

Shuka hadi inchi 15. Kipenyo cha 195/55 R16 ni milimita 620.9, na cha 185/65 R15 ni milimita 621.5, hivyo kipima mwendo hakitaona tofauti yoyote. Unachopata ni ubavu mrefu zaidi kwa milimita 13, ambao utaikinga ringi utakapoangukia shimo lililofunikwa na theluji, pamoja na tairi jembamba ambalo uzito ule ule wa gari unalisukuma chini kwa nguvu zaidi, likapasua theluji iliyolowa kama uji badala ya kuelea juu yake. Kwenye barafu tupu faida hiyo ya wembamba hupungua sana, na hapo mpira ndio unaoamua. Namba 88 ni uwezo wa kubeba kilo 560 kwa kila tairi, juu kidogo ya 545 za namba 87, kwa hiyo upande wa uzito uko salama. Herufi T ni kikomo cha mwendo cha kilomita 190 kwa saa, na kitabu chako kimeiruhusu.

ET 40 badala ya 45 inawatisha watu bure kwa sababu husahau kwamba upana nao umebadilika. Ringi yako ya sasa inatokeza nje milimita 31.2 kutoka uso wa habu, na hiyo ya 5.5J itatokeza 29.9, yaani karibu pale pale. Upande wa ndani unapata nafasi zaidi ya milimita 11 hivi, mbali na shokapu.

Tundu la katikati ndilo la kuangalia. Ukifunga ringi ya 60.1 kwenye habu ya 54.1 bila kitu kati yake, ringi itabebwa na kusawazishwa na nati pekee, na mara nyingi utauhisi usukani ukitetemeka mwendo unapoongezeka. Dawa yake ni pete za kati, milimita 60.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani, moja kwa kila gurudumu. Hata hivyo, kabla ya kulipa, jaribu ringi moja mbele ikiwa haina tairi, uizungushe kwa mkono, uone kama inapita kalipa ya breki. Ruhusa ya kitabu inahusu inchi 15 za mtengenezaji wa gari. Ringi nyingine ya inchi 15 inaweza kuwa na umbo tofauti kwa ndani.

Mama_Safari

Matairi ya misimu yote siyadharau. Mahali ambapo theluji huanguka siku chache na kuyeyuka, na dereva anaweza kuacha gari nyumbani siku hizo, tairi la aina hiyo lenye alama ya mlima linatosha kabisa. Lakini Ndugu Mtembea ametueleza juu ya mteremko, njia panda na safari za alfajiri, kabla barabara haijapata jua. Kwa hali hiyo namshauri anunue ya baridi hasa, na asome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, zinazoonyesha tarehe ya kutengenezwa: 3823, kwa mfano, ni wiki ya 38 ya mwaka 2023. Na kashata zikishuka chini ya milimita 4, hata kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu chini ya hapo, kwenye theluji tairi hilo limekwisha kazi.

Mtembea_Alfajiri

Nawashukuru sana. Leo nimeijaribu ringi moja mbele kama nilivyoelekezwa. Iliingia vizuri kwenye stadi, yaani boliti za habu, lakini nilipoizungusha nikasikia mkwaruzo, na nilipochungulia kwa tochi nikakuta mgongo wa spoku unaigusa kalipa. Nimezirudisha. Sasa nimeagiza ringi za chuma za inchi 15 zilizotengenezwa kwa aina ya gari langu, tundu 54.1, na matairi manne ya baridi. Je, nati zangu za sasa zitafaa?

Fundi_wa_Magurudumu

Zitoe uzitazame. Baadhi ya ringi za aloi za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, na ringi za chuma kwa kawaida hutaka nati zenye mdomo wa koni, kwa hiyo zikiwa bapa nunua seti nyingine. Safisha kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu, kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limegusa chini. Upepo upime matairi yakiwa yamepoa, kabla hujaondoka, kwa kuwa hushuka kwa takriban baa 0.1 kila halijoto inapopungua nyuzi 10. Ukishatembea kati ya kilomita 50 na 100, simama uzikaze nati tena.