Mitungi ya mvuke ya kutakasia vifaa vya tiba huku nyanda za juu inaendeshwa kwa namba za pwani!

Wakuu, hili limevumiliwa vya kutosha.

Kwenye zahanati za huku karatasi ya ukutani inasema presha ya paundi 15, joto la nyuzi 121, dakika 20. Vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, dakika 30. Namba hizo ni sahihi Dar es Salaam na Tanga. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete ni juu zaidi.

Geji haipimi joto. Inaonyesha tu presha ya ndani imezidi hewa ya nje kwa kiasi gani, na hewa ya huku ni nyepesi. Mshale ukigusa 15, ndani ya mtungi ni kama nyuzi 118. Nyuzi 3 hizo zinashusha kasi ya kuua spora (mbegu ngumu za bakteria) karibu nusu, kwa hiyo dakika 20 zenu zinafanya kazi ya dakika 10. Na mkasi huohuo ndio unaokwenda kukata kitovu cha mtoto!

Hesabu yenyewe wala si ngumu: ongeza nusu paundi kwa kila mita 300. Kwa Mbeya ni karibu paundi 18. Kwanza soma kibati cha mtungi, uone mwisho wake wa presha, na MSIFUNGE vali ya usalama kwa waya. Kama mtungi hauruhusu 18, rudufu muda: dakika 40, na vilivyofungwa saa nzima.

Halafu kuna haraka. Vali inafungwa mvuke ukianza tu kufuka, hewa bado imo. Hewa ni nzito kuliko mvuke, inalala chini kabisa. Geji inasoma vizuri huku vifaa vya chini havijafikia joto. Acha mvuke utoke mfululizo dakika 5 ndipo ufunge, na uanze kuhesabu presha ikishafika, siyo jiko likiwashwa. Mikasi na koleo viingie vikiwa wazi, visishonane.

Furushi likitoka limelowa, halifai. Kitambaa chenye maji kinavuta vijidudu kutoka mezani hadi kwenye vifaa. Lirudishwe, hata kama mama yuko mlangoni na uchungu. Ndiyo maana seti za akiba zinatakiwa. Na mistari kuwa myeusi kwenye utepe unaobandikwa kwenye furushi inathibitisha tu kwamba limepita kwenye joto, siyo kwamba spora zimekufa.

Wanaochemsha sufuriani ndio hatari zaidi. Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na spora za pepopunda hazifi hata kwa nyuzi 100.

Mkoa wa Mbeya ndio uliotangulia nchini kwa 5S-Kaizen (mbinu ya Kijapani ya kupanga na kuboresha sehemu ya kazi), 2007, kwenye hospitali ya rufaa. Makabati yana lebo, vizuri sana. Sasa inakuwaje mkaguzi anauliza kama mtungi upo, anaweka tiki, anaondoka bila kuuliza paundi ngapi? Waganga wakuu wa halmashauri, badilisheni karatasi za ukutani wiki hii, ni kazi ya kalamu tu. Kisha tengeni fedha za vipimo vya spora, vinavyoonyesha kama mtungi unaziua kweli.

Mlioko vituoni, wekeni hapa mita za eneo lenu na presha ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibati, tupige hesabu kituo kwa kituo.