Eti mwenye Patagonia aliigawa kampuni yake bure?

Mgumu_Moshi: Wakuu habari zenu. Mimi nabeba mizigo Kilimanjaro, nimepata jaketi la Patagonia mitumbani pale Memorial, zipu inaachia ila baridi haipenyi kabisa. Mgeni mmoja kaniambia mwenye kampuni aliitoa yote kwa ajili ya mazingira. Mtu atoe kampuni ya mabilioni hivi hivi? Mwenye historia yake atupie hapa.

JiweGumu: Kweli mkuu. Jamaa anaitwa Yvon Chouinard, Mmarekani mkwea miamba, 1957 akajifunza uhunzi mwenyewe akawa anafua misumari ya chuma ya kupigilia kwenye nyufa za mwamba, anauzia kwenye buti la gari, dola moja na nusu kila mmoja. Biashara ikakua weee, baadaye wakaona kupigilia na kung'oa kila siku kunabomoa miamba ya Yosemite, hifadhi kule California, basi katalogi yao ya 1972 ikawaambia wateja waachane na misumari wachukue kabari za alumini unazochomeka kwa mkono bila nyundo. Yaani mzigo uliokuwa unawalisha ndo huohuo wakaupiga chini! Mimi hapo ndo namheshimu, kuliko hata hilo la kuitoa kampuni 2022. Nguo zilianza na jezi ya raga aliyonunua Scotland, kola ngumu, kamba haimchubui shingo, wenzie nao wakaitaka. Jina la Patagonia ni la 1973, Ventura, California.

Bi Nuru: Ongezea la pamba. 1988 walifungua duka Boston, wafanyakazi wakawa wanaumwa vichwa, kumbe ni formaldehaidi, kemikali inayotoka kwenye nguo za pamba stoo. Wakachimba mpaka mashambani wakakuta sumu zinazopulizwa huko, kufika 1996 pamba yao yote ikawa ya kilimo hai.

Hesabu_Kwanza: Tusimpambe sana jamani. Hiyo 2022 hisa asilimia 98 zilienda kwa taasisi ya mazingira, Holdfast Collective, lakini hizo hazina kura ya kuamua mambo ya kampuni. Zenye kura ni zile asilimia 2, ziko kwenye mfuko unaosimamiwa na familia na watu wao wa karibu. Na angeuza kampuni ya dola bilioni 3 angekatwa kodi ya kutosha.

JiweGumu: Sawa mkuu, ila angeuza si angebaki na mabilioni mfukoni? Kwa hizo asilimia 2 familia ililipa kodi ya zawadi kama dola milioni 17.5, na faida isiyorudishwa kwenye biashara, walikadiria milioni 100 kwa mwaka, inaenda kwenye mazingira.

Mgumu_Moshi: Asanteni sana wakuu. Na hii zipu je?

Bi Nuru: Usibadilishe yote mwanangu, kama meno ni mazima basi ni kile kichwa kimelegea. Fundi akibane kwa koleo taratibu pande zote mbili, akizidisha kinavunjika. Wenyewe kule Reno, Nevada wana karakana nzima ya kurekebisha nguo za wateja, kwa hiyo usikubali akwambie halitengenezeki.