Nataka kufikia wenye vyombo vya muziki hapa Goma, niongee nao namna gani?

Kijana wa Himbi:
Amani kwenu wote. Tangu mwaka jana niko nafanya kazi ya kuorodhesha vitu vya nyumba: nafika kwako, tunapita chumba kwa chumba, napiga foto, naandika marki, namba, bei na mwaka ulinunua, kisha nakupa fayili. Sasa nawaza wanamuziki, juu unaweza kuta mu nyumba moja gitaa, sinte (kinanda cha umeme), ampli na batri nzima ya ngoma na hakuna hata fakture moja. Lakini nikianza kueleza wananiangalia vibaya, mmoja aliniuliza kama napimia wezi nyumba yake. Mnisaidie.

Mpiga solo, Ndosho:
Ndugu, usianze na nyumba, anza na chombo. Gitaa yangu iliibwa kisha repetisyo, nafika polisi wananiuliza namba, nikasema ni nyekundu. Nyekundu ziko ngapi mu Goma? Kisha miezi mbili nikaiona Birere mu mikono ya mtu, kovu yake pale chini ya tundu ya kuchomeka kamba ya ampli niliijua kabisa lakini sikuwa na kitu cha kuonyesha, iliniuma sana. Na namba ilikuwa pale siku zote! Fender wanaiandika ku kichwa ao ku kile kisahani shingo inaungana na mwili, gitaa kavu (ya bila umeme) angalia karatasi ndani ya tundu, sinte igeuze tumbo juu. Nionyeshe hiyo bure dakika tano, mimi mwenyewe nitakuita kwa vingine.

Mama wa kwaya, Buhene:
Mwanangu, lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 mei 2021 ilitukuta jumamosi jioni, tulikimbia na watoto na godoro moja. Sinte ya kwaya ilikuwa kwangu, na karatasi zake mu kabati ile ile, vyote viliungua. Kisha wanakwaya wakaanza kubishana, ilikuwa ya kwaya ao yangu, bei ngapi, batu hawakusalimiana muda mrefu. Uwaambie foto zisikae ku nyumba tu, zitumwe ku imeli na kwa ndugu wa muji ingine. Na uende kwa prezida wa kwaya, ndiye anabeba deni ya vyombo vya watu.

Yaya wa Bukavu:
Woga wao nauelewa. Foto zipigwe na telefone yao, usiandike adresi, na usiweke gitaa ya mteja ku status yako ya WhatsApp kufanya piblisite, hata moja. Tena usiahidi asirance (bima) italipa. Kweli sheria ya 2015 ilimaliza monopoli ya SONAS, ile kampuni ya asirance ya Serikali, lakini wengi hawana asirance yoyote. Sema karatasi inaonyesha chako ni chako.

Kijana wa Himbi:
Aksanti mama, aksanti yaya. Jumamosi naenda ku repetisyo na toroshi na kitambaa cha kupanguza vumbi, nisome namba, waandike wenyewe mu kaye yao. Lakini ngoma na likembe (kile chombo kidogo cha kupiga na vidole) hazina namba, nifanye aje?

Mpiga solo, Ndosho:
Pima urefu na mudomo, kisha ku ngoma foto ya karibu ya kamba na mishono ya ngozi. Kila fundi anafunga na mkono wake.