Kikundi cha familia: Watoto wa Mzee, Tanga na Muheza

Shangazi Muheza: Asalam alekum wanangu. Jana mshenga wa yule bwana wa Korogwe karudi tena. Anasema mahari atatoa milioni 10 na mke mkubwa hana neno. Nikamwambia nitaongea na watu wangu, sasa ndo naongea msije mkasema shangazi kapokea maneno akayakalia

Kitinda: Waalekum salaam shangazi, shikamoo. Anamtaka nani??

Shangazi Muheza: Marahaba. Si dada yako wa pili

Wa Pili: Shikamoo shangazi. Mimi?

Shangazi Muheza: Marahaba mwanangu, ndo wewe. Sikulazimishi ila tuambiane ukweli, mnakaa vyumba viwili Ngamiani na mama yenu na presha yake, nyumba ya Raskazoni imepigwa mnada na deni la benki bado lina mkia, ile milioni 10 inakata mkia wote na mtaji unabaki. Marehemu kaka yangu hakuwalea mje mpange foleni ya bafu na wapangaji. Nikija pale nikiondoka nalia njia nzima hadi Muheza, hamjui tu

Mama: Wifi nakushukuru kwa kutuwaza. Ila ugonjwa wangu usiwe sababu ya kumuoza mtoto

Binamu Dar: Shikamooni wakubwa. Mama samahani naingilia, hilo deni alikuwa nalo mjomba sio hawa mabinti. Benki wakishauza dhamana kilichobaki wanakidai kwenye mirathi, yani kwenye alivyoviacha mjomba, kama havipo hawawezi kuja kudai kwenye mshahara wa da mkubwa wala mahari ya mtu. Labda kama kuna aliyesaini udhamini. Yupo aliyesaini?

Mama: Mimi nilisaini ile fomu ya nyumba. Baba yenu alisema bila mimi benki hawatoi

Binamu Dar: Hiyo ni ridhaa ya mwenza, iko kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani mpaka mwenza akubali. Kuridhia sio kudhamini, lakini usinisikilize kwa mdomo, nipigie picha kurasa zote za hiyo karatasi niisome na nimuoneshe wakili tunayefanya nae kazi

Mama: Sawa mwanangu. Kitinda atanipigia hizo picha jioni

Ba Mdogo: Waalekum salaam. Nilikuwa barabarani. Dada nakuheshimu sana ila hapo kwenye mahari tusifanye hesabu. Mahari ni ya binti, Suratu Nnisaa aya ya 4 iko wazi, wapeni wanawake mahari yao. Baba yao hayupo, babu hayupo, kaka hawana, walii ni mimi, na mimi siwezi kusimama mbele ya kadhi nikaozesha huku moyoni najua zile hela zinapita tu mkononi kwa mtoto zinaenda benki

Shangazi Muheza: Sasa sikusema tumuibie. Yeye mwenyewe akipenda kumsaidia mamake kuna ubaya?

Wa Pili: Shangazi naomba niseme na mnisikilize mpaka mwisho. Mnakumbuka wale waliokuja na barua baba akiwa hai, walikuja na gari tatu wakakaa pale barazani Raskazoni wakala pilau, kishika uchumba wakatoa, mama yake kijana ananiita mkwe mpaka kwenye simu, baba akafariki wakaja kuzika, sawa, lakini lilipotoka tu tangazo la mnada simu zikaanza kupungua, mara kijana ana kazi nyingi, mara anataka kusoma kwanza, mwisho wakatuma mtu tena hata sio mshenga, jirani yao tu, kuja kusema wameona wasitishe. Sikulia mbele ya mama lakini niliumia na bado naumia, nilikuwa nampenda. Sasa huyu wa Korogwe sijawahi kumuona hata sura na kitu cha kwanza anachokijua kuhusu mimi ni deni letu. Ukewenza sio shida yangu, wapo wanaokaa vizuri. Shida yangu nikiingia mle ndani siku tukikwaruzana ataniambia nini? Ataniambia nilikutoeni kwenye deni. Na mimi sitakuwa na jibu

Kitinda: 😭😭 dada

Kitinda: Kuna mmoja tulikuwa tunachati vizuri tu, maneno matamu, siku moja akauliza ile nyumba nyeupe karibu na bahari si ya kwenu, nikamwambia iliuzwa. Akajibu aah pole. Mpaka leo kimya

Mama: Hukuniambia

Kitinda: Ningekwambia ungelala?

Shangazi Muheza: Wanangu jamani. Mimi naogopa tu mtazeekea pale uwani na mimi niko hai naangalia

Da Mkubwa: Shikamooni wote. Nilikuwa darasani. Kwa vile leo tumefungua, na mimi nina neno, ba mdogo nilitaka nije kwako kwanza ila acha liwe hapa hapa. Kuna mtu anataka kuleta wazee wake. Mnamjua. Ni yule aliyekuwa dereva wa fuso la baba

Shangazi Muheza: Dereva??? Dereva wa baba yako?

Shangazi Muheza: Mwalimu mzima, binti wa Mzee wa machungwa aliyekuwa anapakia mpaka Mombasa, uolewe na aliyekuwa anatumwa na babako? Na kufu je, mnalingana nyie?

Ba Mdogo: Kufu hasa ni dini na tabia dada

Mama: Wifi acha nikuhadithie, mana haya sijamwambia mtu. Ule msimu baba yao alionunua machungwa yakiwa bado mtini, pesa ya mkopo yote ikaenda kule, mvua ikakata barabara mzigo ukaozea shamba, madereva wote walikuja kudai na haki yao kwa kweli. Huyu alikuwa anadai miezi miwili. Hakuja. Nilipokaa eda, ile miezi 4 na siku 10, kila mwisho wa wiki anasimama nje kwenye kibaraza, hapandi, anaita hodi anaweka sembe na dagaa anaondoka. Nikamtuma Kitinda akamwambie pesa zako tutakulipa pole pole, akajibu, mwambie mama mzee alishanilipa, alinifundisha gari. Basi. Tulivyohamia Ngamiani kitanda changu kabeba yeye

Shangazi Muheza: Miezi miwili na hakudai?

Mama: Hakudai

Da Mkubwa: Na kwangu alikaa kimya mpaka eda ya mama ikaisha na mnada ukapita. Nilimuuliza mbona sasa, akasema zamani ungedhani nataka mali ya mzee. Sasa hivi anaendesha gari ya mtu, hana kitu kikubwa, kwao Mkinga. Mimi nampenda. Na mahari nishafikiria, nataka friza, niuze samaki na juisi jioni nikitoka shule, na litakuwa langu ba mdogo liandikwe hivyo hivyo

Ba Mdogo: Litaandikwa. Na wa Korogwe nitampigia mimi mshenga wake leo, nitamjibu kwa heshima kwamba binti hajaridhia. Dada nitumie namba

Shangazi Muheza: Nakutumia. Wa pili mwanangu nisamehe kama nimekutonesha

Wa Pili: Hapana shangazi, wewe ndo unayekuja kutuona, wengine walishapotea

Shangazi Muheza: Haya huyo dereva wazee wake ni wangapi? Na waje kwangu Muheza, sio Ngamiani, pale hawaenei. Mwambieni asikope pesa ya kuonesha watu, aje na barua yake tu

Da Mkubwa: Asante shangazi 🙏🏽 watakuwa watano, Ijumaa baada ya swala

Kitinda: Visheti naleta mimi

Binamu Dar: Na ile karatasi ya benki msisahau, kurasa zote hata za nyuma