Mrejesho: Mtanzania anayejiona mgeni zaidi Kampala kuliko Hamburg

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza: miaka 6 Hamburg nilikuwa "yule Mweusi" kabla sijataja hata jina. Nikahamia Kampala nikidhani nimerudi nyumbani, mbona hapa ndo najiona mgeni zaidi?

Wengi mlisema jifunze Kiganda. Mmoja akaniambia niache kuanza na Kiswahili kwa watu wazima. Huyo ndiye aliyenifungua macho.

Nilimuuliza mama mwenye nyumba wangu. Akacheka, akasema enzi za Amin Kiswahili kilikuwa lugha ya mwanajeshi aliyekugongea usiku. Halafu 1979 wakaja askari wetu wa Tanzania, waliowaita "bakomboozi", nao wakiongea hichohicho. Kumbe nikisema "Hodi!" kwa sauti yangu ya Kitanga, mtu wa umri wake anashtuka kwanza! Serikali imeshakipa hadhi ya lugha rasmi, ila moyo wa mtu haubadilishwi na katiba.

Basi sokoni Owino siku hizi naanza na Kiganda, "Nnyabo, ssente mmeka?" (Mama, shilingi ngapi?) Matamshi yangu ni kichekesho, bei bado ya mgeni, lakini nawekewa kigoda.

Kuhusu Hamburg, aliyesema "angalau kule walikuona", hapana kaka. Kwenye treni walikuwa wananiona mpaka kiti cha pembeni kinabaki kitupu. Hapa nikinyamaza sionekani kabisa, na nakiri, starehe hiyo nilikuwa nimeisahau.

Jumamosi mama mwenye nyumba ananifundisha kufunga matooke kwenye majani ya mgomba.