Steini ya mafuta bado inanata siku ya pili: ni baridi ya Julai?

Randa_Tbr:
Habari wakuu. Niko Tabora, nina milango miwili ya mninga. Nimepaka steini ya mafuta (rangi ya kupenya mbao) saa moja asubuhi, brashi mkono mmoja mzito, sikufuta. Ilikuwa nzito nikaongeza mafuta ya taa. Leo siku ya pili, kidole kinanata. Juu nataka kupiga laka ya thina (ya kung'arisha, inayozimuliwa kwa thina). Niisubiri au nianze upya?

Msasa180:
Baridi unaisingizia, mkuu. Makopo mengi yanakataza chini ya nyuzijoto 10, na asubuhi za Julai hapo hushuka hadi 15 hivi. Baridi inachelewesha tu, kwa sababu steini ya mafuta hukauka kwa kunyonya hewa, na hewa ikipoa kazi hiyo inakwenda polepole. Kosa kubwa ni kutokufuta. Steini si rangi ya ukuta: kinachoingia kwenye mbao ndicho kinachokauka vizuri, kinachobaki juu kinageuka gundi. Na mafuta ya taa yanaacha unyevu wa mafuta unaokaa siku nyingi. Kuzimulia ni kwa tapentaini, tena isizidi sehemu moja kwa kumi.

Usianze upya. Lowesha tambara la pamba kwa tapentaini, sugua kufuata nyuzi za mbao, geuza tambara kila linapojaa. Malizia na tambara kavu. Rangi itapungua kidogo, basi.

fundi_kivulini:
Naongezea la muda, kwa siku utakayopaka tena. Mbao iliyolala sakafuni kwenye saruji ni baridi kuliko hewa, hata saa tatu. Isimamishe juani hadi saa tano, kisha iingize kivulini NDIPO upake. Ukipaka ikiwa bado juani, steini inakauka kabla hujaifuta na unapata mabaka. Ukija kwenye vanishi ni balaa zaidi: mbao ikiendelea kupata joto, hewa ya kwenye vitundu inatanuka na kutoa mapovu.

Kopo nalo liweke kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu dakika 15, mbali kabisa na moto. Steini italainika bila kuzimuliwa. Koroga hadi chini, rangi hutuama. Paka eneo dogo, ngoja dakika 5 hadi 10, futa.

(Mninga kuupaka steini, sijui. Rangi yake yenyewe inatosha. Lakini mteja ni mteja.)

Randa_Tbr:
Asanteni. Na laka?

Msasa180:
Ukishafuta ngoja siku mbili kamili, tatu kama asubuhi ni za baridi. Sugua kwa tambara jeupe: likitoka na rangi, bado. Thina ni kali, ikikuta mafuta mabichi chini laka inakunjamana na hapo ni kukwangua yote. Mkono wa kwanza wa laka uwe mwembamba.

Halafu matambara hayo usiyarundike kwenye kona ya karakana, yanaweza kujiwasha yenyewe. Yatandaze nje moja moja hadi yakakamae.